Kibaba

Haba na haba hujaza kibaba, walisema,
wakaishia hapo.
Hawakutuambia kibaba kikishajaa
tone linalofuata huenda wapi.

Maarika Tölp amelijua jibu saa tisa za usiku
mjini Tartu, katika nyumba ya mbao Mtaa wa Maharagwe
(wa pili ni Viazi, wa tatu Njegere;
kitongoji kizima wanakiita Mji wa Supu).
Theluji ya Machi imekuwa tope.
Barua imetoka kwa kijana wa Kaunas, asiyemjua:

"Samahani kukusumbua, mama.
Zana yako ya kupakua mafaili,
ile ya dirisha jeusi, isiyo na picha wala vitufe,
niliielekeza kwenye seva yangu.
Ikauliza jina la faili.
Nikaipa jina la herufi mia tatu, zote A.
Ikaanguka.
Nikaipa jina jingine, la kupangwa.
Haikuanguka. Ilinitii."

Analisoma neno la mwisho mara mbili.

Lugha hii ninayoandikia ina kitenzi kimoja
kwa faili na kwa wali: kupakua.
Lakini mwenye mwiko hutazama sahani.
Hamwagii mgeni mapajani
eti kwa kuwa chungu bado kina kitu.

Mstari wa mia nne na kumi na mbili:
chukua jina, linakili hapa.
Hapa pana nafasi mia mbili hamsini na sita.
Jina lina urefu gani? Mstari hauulizi.
Na ng'ambo ya nafasi ya mwisho,
bila ukuta, bila hata uzi,
kuna kikaratasi cha mashine:
ukimaliza, rudi ulikotoka.
Herufi za ziada hukilowesha,
huandika juu yake anwani nyingine,
na programu, kwa adabu ileile,
hurudi nyumbani kwa mtu isiyemjua,
inavua viatu, inauliza: nifanye nini?

Historia ya msimbo haisahau.
Oktoba 1999, Priit Haavapuu.
Priit wa vidole viwili,
aliyekuja na samaki wa moshi ndani ya gazeti,
akasema, soma kwanza kabla hujaupokea.
Nimesoma, akajibu Maarika.
Hakuwa amesoma. Supu ilikuwa inapoa.

Sasa zana imo kwenye mashine za kukamua maziwa,
kwenye ubao wa treni, kwenye chumba cha mionzi
cha hospitali alikolazwa Priit mwenyewe
miaka sita iliyopita, na hakutoka.
Hakuna aliyewahi kuilipia.
Mtu mmoja alituma chokoleti.

Kiraka ni mistari miwili.
Pima kwanza. Likizidi, likatae.
Na mia mbili hamsini na tano, si na sita,
kwa kuwa moja ni ya sifuri,
herufi bubu inayosema: jina limeishia hapa.

Chini, fomu inauliza chanzo cha kosa.
Anaandika P. Haavapuu.
Anafuta.
Anakwenda jikoni, anarudi bila kitu mkononi.
Anaandika:
"Niliupokea mstari huu bila kuupima. M. T."

Alfajiri anamwandikia kijana:
jina lako nilitaje vipi kwenye shukrani?
Jibu linafika upesi, halali huyu:
kwa ukamilifu, tafadhali.
Žygimantas Stankūnavičius.

Maarika anahesabu kwa kalamu, kama mtoto wa shule.
Ishirini na nne.
Kisha anakumbuka zile zenye alama kichwani
mashine huzihesabu mara mbili. Anarudia.
Ishirini na saba, na pengo la katikati,
na sifuri bubu:
ishirini na tisa.

Linaingia.